Kinjeketile na lile neno aliloambiwa aseme akakataa

Kila nikisikia mtu anamtaja Kinjeketile, kinachofuata ni maji. Yule mganga wa Rufiji aliyewaambia watu risasi zitageuka maji, wakamwamini, wakaenda kufa. Basi. Watu wanatikisa kichwa, maongezi yanahamia kwingine. Nimeyasikia hayo kwenye daladala, nimeyasikia ofisini kwa walimu tena kutoka kwa mtu anayefundisha historia, na siku moja nikamsikia kijana msomi kabisa anasema mbele za watu kwamba Majimaji, ile vita ya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, ni mfano wa jinsi ushirikina unavyotumaliza, na akapigiwa makofi. Iliniuma sana, mpaka leo inaniuma, ndo maana nimeamua nikae niandike kirefu, maana mimi nafundisha Kiswahili hapa Kigoma na huyu mtu nimekaa naye muda mrefu kwenye karatasi na kwenye steji, na kwa kweli simtambui kwenye hizo hadithi zao.

Naongelea hasa Kinjeketile wa kwenye tamthiliya, ile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, iliyochapwa 1969. Wapo wawili hawa. Kuna Kinjeketile Ngwale wa kweli, mtu wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, alafu kuna huyu wa Hussein, na mwandishi mwenyewe aliweka wazi kwamba wake ni kiumbe wa sanaa, sio picha ya yule wa kwenye historia. Sasa angalieni hiyo tarehe vizuri. Watu wa Nandete kule Umatumbi waling'oa miche ya pamba mwezi Julai 1905, na Agosti haijachangamka Kinjeketile wa kweli ameshanyongwa, yaani vita yenyewe hakuiona, hakuona Mahenge, hakuona Ungoni, hakuona njaa iliyokuja baadaye. Inasimuliwa kwamba mbele ya kitanzi aliwaambia wakimuua wasimuue ni sawa tu, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Ila wa Hussein ameachwa hai mpaka vita imeshindwa. Kwanini? Nimelizungusha hili swali kichwani muda mrefu na jibu ninalolipata ni kwamba mwandishi alimtaka awe hai ili aulizwe kitu ambacho maiti haiulizwi.

Twende taratibu lakini, tuanze na pamba.

Gavana wa Kijerumani aliyeitwa Gustav Adolf von Götzen ndiye aliyeleta ule mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja kuanzia 1902, pwani na kusini, kila jumbe awe na shamba na watu wake walime humo kwa siku walizopangiwa, huku mashamba yao wenyewe yakiota majani. Kodi nayo ipo, inatakiwa kwa fedha taslimu, na fedha huna. Kuna wilaya mtu alimaliza mwaka akapewa senti 35, wengi wakakataa hata kuzipokea, na kuna sehemu hata hizo senti hazikufika kwa mkulima. Juu ya jumbe kuna akida, chini yake mnyapara, na kiboko kinatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine mpaka kinatua mgongoni kwa mtu ambaye hana wa kumpasia. Hiyo ndo hali. Ukiijua hiyo huwezi tena kusema watu walipigana kwa sababu ya maji. Walipigana kwa sababu ya pamba na kodi na kiboko, maji yaliwakusanya tu.

Na Hussein hakuanza na mganga. Hili wengi wanalisahau. Tamthiliya inaanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanaongelea njaa. Wanaume wako kwenye shamba la Mjerumani, nyumbani hakuna chakula, watoto wanalia, na Kinjeketile mwenyewe amejifungia ndani haeleweki. Ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu kinachosemekana ni cha uchawi ni ukurasa wa sufuria tupu.

Mimi ule mwanzo ulinishika kwa sababu za nyumbani. Bibi yangu alikaa Kasulu na watoto wadogo wakati babu amekwenda Tanga kukata mkonge, manamba, kama walivyokwenda Waha wengi sana enzi za Mwingereza. Buha ilifanywa ghala la vibarua, hilo limeandikwa na sio siri, watu waliandikishwa huku wakapelekwa kwenye mikonge ya mbali, na wale waliobaki ni wanawake, wazee, na mashamba yasiyo na mikono. Bibi alikuwa anasimulia jinsi walivyokuwa wanagawana muhogo, anaonyesha kwa kidole chake mwenyewe kipande kilikuwa hivi, cha mkubwa hivi, cha mdogo hivi, chake yeye hakionyeshi. Babu alirudi na blanketi na kikohozi. Hakuwahi kusimulia mkonge hata siku moja, ukimuuliza anasema kazi ilikuwepo, anaishia hapo. Kwahiyo mimi niliposoma wale kina mama wawili kwa mara ya kwanza sikuhitaji notsi za mwalimu kuelewa nini kinaendelea. Ni kusini na ni Mjerumani, sisi ni magharibi na alikuwa Mwingereza, lakini nilijua ile nyumba ilivyo ndani.

Sasa huyo Kinjeketile. Anatoka nyumbani kama mtu aliyeshikwa, anaburuzwa na kitu kisichoonekana, anaingia Mto Rufiji, anazama. Watu wanajaa ukingoni, wanasubiri, wanajua amekufa. Anatoka, nguo kavu. Anawapa maji, anawaambia wawe kitu kimoja, na hapo ukumbuke hao ni watu waliokuwa hawaelewani, Mmatumbi anamdharau Mrufiji, Mkichi hamwamini Mngindo, kila kabila na maneno yake, na Hussein ametumia muda kutuonyesha huo ugomvi mdogo mdogo kabla ya maji hayajaja. Ghafla wanashikana mikono. Hiyo ndo kazi kubwa maji yaliyofanya, na ilifanyika kweli, hata kwenye historia ilifanyika, makabila zaidi ya kumi yaliingia vita moja bila simu, bila barabara.

Lakini kuna kitu kimeingia kwenye maneno yake. Akiwa bado ameshikwa anasema kwamba Mjerumani akitoka watakuwa watu wa Seyyid Said. Sultani wa Zanzibar! Watu hawakulisikia, au walilisikia likapita maana masikio yalikuwa yanatafuta ushindi. Akili zinapomrudia anaambiwa ulisema hivi na hivi, na anapolisikia hilo anashtuka. Yaani tumtoe bwana mmoja ili tuwe chini ya bwana mwingine? Roho gani inayotuahidi uhuru hivyo? Pale pale anaanza kuona kwamba huenda kile kilichomjia sio alichodhani, na anaomba watu wasubiri, wasiende vitani bado, wajifunze kupigana kwanza, na Kitunda, rafiki yake, anawafundisha. Watu hawataki kusubiri. Wameshaonja. Na hapo Kinjeketile anasema jambo ambalo kila nikilifikia darasani nasimama kwanza, kwamba binadamu anazaa neno, neno linakua, linapata nguvu kumshinda aliyelizaa, mwisho linamwangusha.

Niambieni, huyo ni tapeli? Ni mganga gani anayekuwa wa kwanza kuitilia shaka dawa yake mwenyewe? Mashujaa wengi tunaosomeshwa hawana shaka, wanatoka tumboni kwa mama wakiwa wameshika mkuki, na ndo maana hawamfundishi mtu kitu, mtoto anamsoma anafunga kitabu anaona huyu sio mimi. Huyu anaumia. Amewapa watu umoja ambao hawajawahi kuwa nao na anajua umoja huo umejengwa juu ya kitu asichokiamini tena, akikitoa watasambaratika, akikiacha watakufa. Sijui mtu mwingine yeyote kwenye fasihi yetu aliyewekwa kwenye kona mbaya kiasi hicho.

Vita inapigwa. Wanakwenda kwenye boma la Wajerumani mchana kweupe, na ile bunduki ya rashasha ambayo watu wa enzi zile waliiita bombomu inafanya ilichotengenezwa kufanya. Sitaelezea sana. Kwenye historia yenyewe vita ilichukua mpaka 1907, na walioua wengi zaidi hawakutumia risasi. Maofisa wa Kijerumani waliandika wazi kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza hawa watu, wakachoma maghala, wakachoma mashamba, wakachukua mbegu. Serikali yao ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria wetu waliokwenda kuwahoji wazee, Gwassa akiwa mmoja wao, wanataja laki mbili na nusu mpaka laki tatu. Soma hiyo namba mara mbili alafu urudi kwa yule kijana msomi na makofi yake, umuulize ni ushirikina ndio uliochoma maghala?

Na sasa tunafika gerezani. Hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya sehemu hii na wanafunzi wa klabu ya sanaa, jioni baada ya masomo, darasa la mwisho lile ambalo madirisha yake yanaangalia ziwani, madawati tumeyasukuma ukutani. Kinjeketile amefungwa, amepigwa, Kitunda naye amefungwa yuko pembeni yake. Ofisa anataka kitu kimoja tu, Kinjeketile aseme mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo. Akisema mateso yanaisha. Kitunda, rafiki yake, mtu aliyepigana kweli kweli, anambembeleza aseme. Kijana aliyekuwa anacheza Kinjeketile alifika kwenye kukataa akakwama. Sio kwamba alisahau maneno, alisimama tu, kamba tulizomfunga kwa mtandio wa dada mmoja zinaning'inia, akageuka akaniangalia akasema, ticha mimi hapa siwezi kucheza kwa sababu sielewi. Si aseme tu? Maji si kweli yalishindwa? Na yeye mwenyewe anajua. Akisema atakuwa amesema ukweli, kwani amekatazwa kusema ukweli?

Darasa likalipuka. Wengine wanasema ana haki, wengine wanasema asiseme ni aibu, mmoja anasema lakini wafungwa wengine wangepona, na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilinyamaza kwa sababu swali lilikuwa zuri kuliko majibu yote niliyokuwa nayo kwenye notsi zangu za miaka yote. Alafu binti aliyekuwa anacheza Kitunda, tulimpa nafasi ya mwanaume kwa sababu ana sauti kuliko wavulana wote, akasema bila hata kupandisha, "Kwani anaulizwa habari za maji?"

Kimya.

Akaendelea, huyu Mjerumani hajali maji. Ameshashinda, maji yanamhusu nini? Anataka Kinjeketile aseme maji yalikuwa uongo ili kesho aende kwa watoto wa hawa waliokufa awaambie, mnaona, baba zenu walidanganywa, hawakuwa na sababu, pamba ilikuwa halali, kiboko kilikuwa halali. Anaulizwa maji ila jibu lake litakuwa la vita.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwenye kitabu, yule binti hakuzidisha. Kinjeketile anamwambia Kitunda kwamba akilitamka hilo, watoto wataambiwa kesho kwamba tulikosea kupigana. Anakataa kwa ajili ya hao ambao hawajazaliwa. Neno limeshazaliwa, watu wataliongea, litafika kwa wajukuu. Ona sasa Hussein alichokifanya, neno lile lile lililomwangusha huko nyuma ndo analolilinda hapa kwa mwili wake, ila limebadilika, halisemi tena risasi ni maji, linasema mtu anaweza kukataa. Mateso ya Kinjeketile hayaongezi hata shujaa mmoja uwanjani, vita imekwisha, hakuna cha kuokoa pale isipokuwa maana ya kilichotokea, na yeye anaona hiyo inatosha kufa nayo.

Mimi ndo maana nasema uasi wake mkubwa hakuufanya mtoni wala vitani. Aliufanya akiwa amefungwa, hana dawa, hana jeshi, hana hata uhakika, ana mdomo tu.

Je, neno lilifika kwa wajukuu? Hapa tutoke kwenye tamthiliya kidogo. Desemba 1956 Julius Nyerere, kijana aliyesomea jirani zetu Tabora, alisimama Umoja wa Mataifa kule New York kuomba nchi yake, na akawaeleza habari za Majimaji. Akasema kwamba watu wale hawakupigana kwa kuogopa kiapo au ushirikina, walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala na kuwastaarabisha. Ni miaka 51 toka Kinjeketile Ngwale anyongwe. Kama ingekubalika kwamba ile vita ilikuwa ujinga, Nyerere angesimama na nini pale? Hussein aliandika miaka kumi na mitatu baada ya hotuba hiyo, na kipindi hicho hicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi walikuwa wanatumwa vijijini kusini kuwahoji wazee waliokumbuka vita, kwahiyo neno lilikuwa linatembea kwa miguu kabisa, mtu na daftari lake.

Na huyo gavana? Von Götzen alirudi kwao akaandika kitabu chake kuhusu ile vita, kikatoka 1909, anaeleza alivyouzima uasi. Na alipewa heshima kubwa kuliko kitabu, meli. Sisi watu wa Kigoma tunaijua kuliko wote kwa sababu iko hapa kwetu. Meli iliyotengenezwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka kwenye reli ya kati iliyofika Kigoma 1914, ikaungwa upya hapa hapa na kushushwa majini 1915, ilipakwa jina Graf von Götzen. Ndiyo hiyo Liemba. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari tena na jina jipya. Mama zetu wamepanda hiyo meli na magunia ya dagaa na madumu ya mawese kwenda Kasanga, Mpulungu, wamezalia humo wengine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kwamba chuma kile kiliwahi kubeba jina la mtu aliyeamuru kusini ife njaa. Nikiwaambia wanafunzi hili wanatoa macho. Wanaiona kila siku wakipita bandarini. Jina la gavana halijasomwa ubavuni mwa meli ile karibu miaka mia sasa, na jina la mtu aliyenyongwa na serikali yake tunalikariri darasani, tunalicheza, tunalibishania. Hilo mimi linanipa furaha ambayo siwezi kuificha.

Watawala wanaogopa watu wa kubuni kuliko tunavyodhani, tusichukulie poa. Jirani zetu Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya kwa Kigikuyu 1986, shujaa wake anaitwa Matigari, anazunguka nchi nzima anauliza wapi ataipata kweli na haki. Watu wakaanza kumuongelea Matigari kama mtu wa kweli kabisa, taarifa zikafika serikalini, ikatolewa amri akamatwe. Polisi wakaenda kugundua kwamba mtuhumiwa yuko ndani ya kitabu, na mwanzoni mwa 1987 wakakikamata kitabu chenyewe madukani. Mimi sioni hiyo kama kichekesho. Wale waliotoa amri walielewa fasihi vizuri sana, walijua mtu asiyekuwepo akiuliza swali sahihi anaweza kuwafundisha waliopo kuuliza.

Na sio lazima mtu awe amekisoma. Nitasimulia kitu kimoja nilichokiona kwa macho, kwenye mwalo mmoja hapa ziwani, sitautaja. Kulikuwa na kijana anakusanya ushuru kwa kina mama wa dagaa, anachukua hela, anaandika kwenye kidaftari chake, risiti hatoi. Imekwenda hivyo muda mrefu. Asubuhi moja mama mmoja, mtu mzima, kitenge amejifunga kifuani, ndoo zake tatu mbele, akakataa. Akasema silipi mpaka unipe risiti. Kijana akapandisha, akamwambia ina maana mama unakataa kulipa kodi ya serikali, sema hapa mbele ya watu kwamba unakataa kodi. Yule mama akamwambia, "Mwanangu, mimi sijasema sitalipa. Nimesema risiti. Usinipe maneno yako mdomoni kwangu." Akarudia hivyo hivyo, hakupandisha sauti, hakushuka. Kijana akapiga teke ndoo, dagaa wakamwagika mchangani. Mama akainama akaanza kuwaokota mmoja mmoja, huku anasema risiti. Mama wa pili yake akachomeka noti yake kwenye blauzi akasema na mimi risiti. Wa tatu. Mpaka jua linapanda hakuna aliyelipa, na baada ya siku chache alikuja mkusanyaji mwingine na kitabu cha stakabadhi.

Yule mama sidhani kama amewahi kusikia jina la Ebrahim Hussein. Lakini kile alichokifanya ni kile kile, alitakiwa aseme sentensi ambayo ingemgeuza kutoka mtu mwenye haki kuwa mkosaji, akakataa sentensi. Na wenzake hawakuhutubiwa na mtu, walimwona ameinama na dagaa mkononi. Tangu siku ile nikifundisha sehemu ya gerezani nasimulia na ya mwalo, kwa sababu wanafunzi wangu wengi ni watoto wa kina mama wale, na nataka wajue kwamba jambo hili halihitaji maji ya Rufiji wala Mjerumani.

Sasa nina lawama moja na Hussein na nitaisema kwa heshima zote maana namheshimu sana. Wale kina mama wa mwanzo, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanatufungulia tamthiliya kwa njaa yao, alafu mambo yakishakuwa makubwa wanasukumwa pembeni, wanaume wanabaki na maji na vita na gereza. Ni yule yule binti wetu wa Kitunda aliyeliona. Siku ya onyesho lenyewe, tumeshamaliza, wazazi wanatoka, yeye bado amepaka majivu usoni, akaniuliza wale wanawake walikwenda wapi. Sikuwa na jibu la kwenye kitabu, ila nilikuwa na la kwenye historia, nikampa. Kule Ungoni alikuwepo Nkomanile, mwanamke, kiongozi, aliyepokea maji na kuyasambaza kwa watu wake, na Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea 1906 yeye alikuwa miongoni mwao.

Alisimama muda. Akauliza imeandikwa tamthiliya yake? Nikamwambia mimi darasani kwetu sijawahi kuletewa. Akaomba daftari.

Amefika onyesho la pili sasa. Anaandika kwa mkono, ananiletea Ijumaa, namrudishia Jumatatu na wino mwekundu, na mara nyingi anagoma kubadilisha ninachomwambia abadilishe, ananieleza kwanini, na mara nyingi ana hoja. Ameanzia jikoni, kama Hussein, sufuria tupu, ila kwake wanawake hawatoki jukwaani. Muhula ujao tutaanza mazoezi na ninachotafuta sasa hivi ni mtu wa Songea au aliyekulia Ungoni atusaidie nyimbo, maana hatutaki kuweka za kubuni kwenye mdomo wa Nkomanile.